Maelezo Kuhusu Vidonda vya Kulalia na Akili Mnemba

Mgonjwa aliyelala muda mrefu pasipo kugeuzwa, awe wodini au nyumbani kwake, hupatwa na vidonda vya kulalia. Uzito wa mwili huibana ngozi baina ya mfupa na godoro, damu ikakosa kupita. Mahali panapoumia zaidi ni visigino, nyonga na chini ya mgongo. Kidonda kikifika mfupani, vijidudu huweza kuingia katika damu na kumwua mtu ambaye maradhi yaliyomlaza yalikwisha kupata nafuu.

Wauguzi huvigawa vidonda hivyo katika daraja nne. Katika daraja la kwanza ngozi haijachanika. Katika la pili ngozi ya juu imetoka. Katika la tatu mafuta yanaonekana. Na katika la nne misuli au mfupa u wazi. Kidonda kilichofunikwa na nyama iliyokufa hakipewi daraja mpaka kisafishwe.

Taabu kubwa ipo katika daraja la kwanza, nalo ndilo linalotibika kwa wepesi. Mafunzo ya uuguzi yamezoea kueleza kwamba ngozi huwa nyekundu na haififii ikibonyezwa kwa kidole. Alama hiyo imetokana na ngozi nyeupe. Kwa mzee wa Lushoto, kama ilivyo kwa mzee wa Makunduchi au Wete, wekundu huo ni vigumu kuonekana. Muuguzi hana budi kutumia kiganja, alinganishe joto na ugumu wa mahali hapo na ngozi ya jirani, na amwulize mgonjwa kama panauma. Katika Milima ya Usambara, ambako Juni na Julai ni miezi ya baridi na mgonjwa hufunikwa mablanketi, ukaguzi huo ni rahisi kuahirishwa. Nani apendaye kumfunua mzee anayetetemeka?

Akili mnemba inayotumika katika kazi hii ni programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za vidonda. Muuguzi hupiga picha kwa simu, rula ikiwa kando ya kidonda. Programu hupima upana wake, hutenganisha nyama nyekundu, ya manjano na nyeusi, kisha hupendekeza daraja. Picha za kila wiki zikilinganishwa, huonekana kama kidonda kinapona au kinapanuka. Hata hivyo, picha ya kawaida haipimi kina, joto, harufu, wala shimo lililojificha chini ya ukingo.

Mfano wa karibu ni programu ya Nuru, inayotambua maradhi ya muhogo kwa kamera ya simu hata pasipo intaneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia picha za majani zilizopigwa mashambani hapa Tanzania. Mashine ilifunzwa kwa mihogo ya hapa. Programu ya vidonda iliyofunzwa kwa ngozi nyeupe peke yake yaweza kumwambia muuguzi wa Lushoto kwamba mgonjwa ni mzima, ilhali kisigino kimekwisha kuanza kuoza ndani. Kwa sababu hiyo daraja linaloandikwa katika faili hubaki dhamana ya muuguzi, na kituo kinachopewa programu ya namna hiyo kiulize kwanza ilifunzwa kwa ngozi za watu gani.

Picha ipigwe kwa ridhaa ya mgonjwa au jamaa zake, na isihifadhiwe katika simu binafsi ya mtumishi. Jamaa wanaouguza nyumbani wamgeuze mgonjwa takriban kila baada ya saa mbili, wakague visigino kila siku mchana kwenye mwanga, na wasisugue mahali palipobadilika rangi.