Habari za Kifo cha Mkwawa, Jemadari wa Wahehe, na za Fuvu Lake

Katika mafunzo ya historia shuleni watoto husomeshwa kwa mstari mmoja tu ya kuwa Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe na Wadachi, yaani Wajerumani. Mstari huo huandikwa ubaoni, hunakiliwa katika madaftari, na habari huishia hapo. Walakini hapa Olasiti hakosekani mtoto wa kuuliza: "Nani alimwona?" Swali hilo halikosi adabu. Wazee wa Kiarusha wanapokata shauri la ng'ombe aliyepotea huliuliza hilo kwanza, kabla ya kusikiliza maneno mengine yo yote, nasi twaona yafaa liulizwe pia kwa habari ya mtu mkuu namna hii. Twakusudia basi kueleza yaliyosemwa, ni nani aliyeyasema, na kila neno lina uzito gani.

Kwanza jina. Mkwawa ni ufupisho wa Mkwavinyika, na Wahehe hulieleza kuwa ni mtu ashindaye nchi nyingi. Cheo chake kwa Kihehe ni mutwa. Wadachi walimwita Sultani, kwa kuwa walianza kazi yao pwani na wakayachukua maneno ya pwani mpaka bara, nalo neno hilo likaingia hata katika mkataba wa Mataifa, kama tutakavyoona. Mtu asomaye "Sultan Mkwawa" adhani huenda alikuwa Mwarabu au Mwislamu wa Unguja! Alikuwa mwana wa Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe kabla yake, na tangu ujana wake alizoea vita.

Habari za vita vyake zajulikana, nasi hatutazirefusha. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski wakauvunja kwa mikuki kabla mizinga haijapata kutumika sawasawa. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wazungu wapatao 10 na askari na wapagazi karibu 300. Oktoba 1894 Gavana von Schele alikuja kulipa kisasi, akaibomoa na kuitwaa ngome ya Kalenga. Mkwawa alitoka humo akaingia porini, na kwa karibu miaka minne watu wake wakamficha, wakampelekea chakula, wakawadanganya askari waliouliza njia. Desemba 1896 Wadachi walimtawaza ndugu yake Mpangile mahali pake. Mwezi wa Februari 1897 walimwua Mpangile huyo huyo kwa kumshuku kwamba amsaidia ndugu yake kwa siri. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana litatufaa mbele. Hatimaye zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa mtu atakayemleta Mkwawa, au kichwa chake.

Sasa twaja katika siku yenyewe, tarehe 19 Julai 1898. Askari wa doria walikuwa chini ya sajini mmoja jina lake Merkl. Walimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia Mkwawa, naye akasema bwana wake yu mgonjwa, amelala si mbali, upande wa Mlambalasi. Wakanyatia. Merkl akaona watu wawili wamelala chini karibu na moto, akadhani wamepitiwa na usingizi, akapiga bunduki. Walipokimbilia pale wakawakuta wote wawili maiti, nayo miili imekwisha kupoa. Risasi ya Merkl ilikuwa imempiga mmoja kichwani. Lakini, kwa maneno yake mwenyewe, ilimpiga mtu aliyekwisha kufa. Ndipo alipoamuru kichwa kikatwe, kipelekwe Iringa kwa Kapteni Tom von Prince, aliyeitwa na watu Bwana Sakarani.

Hayo ndiyo yaliyosemwa na upande wa Wadachi. Wahehe nao husimulia ya kuwa mutwa wao, alipoona nguvu zimekwisha na adui amekaribia, alimwua mwenziwe wa mwisho kisha akajiua. Basi pande mbili zilizopigana zakubaliana. Je, yatosha?

Wako wasioridhika, nao wana hoja. Husema: kila upande ulipata faida katika maneno hayo. Wahehe walitaka mutwa wao awe amekufa mikononi mwake mwenyewe, asishindwe na mtu. Serikali nayo ilitaka shauri limalizike upesi, maana alikuwa ameisumbua miaka saba. Tena aliyetoa habari ni yule yule apaswaye kupokea zawadi, na bunduki yake ilikuwa imelia. Mtu aliyepiga risasi, kisha akasema, "Nilimkuta amekwisha kufa," kwa kawaida barazani haaminiwi mara moja.

Hoja hizo tumezipima, na kwa maoni yetu ya mwisho ina nguvu kidogo kuliko ionekanavyo. Tuangalie faida ya Merkl. Zawadi ilikuwa ya kichwa. Haikuulizwa kama kimetoka kwa mtu aliyeuawa au aliyejiua. Kwa upande wa sifa, angesema, "Nimemwua Mkwawa," angesifiwa katika kila kambi kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam. Badala yake alikiri jambo la kumtia aibu askari, ya kwamba alimnyatia maiti akampiga risasi. Shahidi anenaye neno la kujipunguzia heshima, wala asilazimishwe na mtu, yafaa asikilizwe. Na yule Mpangile tuliyemtaja aliwafundisha Wahehe wote jinsi mwana wa Munyigumba atakavyotendewa akiangukia mikononi mwa Wadachi, hata akiwa amewatumikia. Mkwawa hakuwa na haja ya kuambiwa. Kwa hiyo twaona ya kuwa habari ya kujiua ndiyo yenye mizizi, ijapokuwa mwenziwe, aliyekuwa shahidi pekee, hakubaki hai kutuambia.

Lakini liko swali la pili, nalo ni gumu zaidi: kile kichwa kilikwenda wapi?

Hapa lugha yetu yatusaidia. Kwa Kiswahili kichwa ni cha mtu, hata akiisha kufa. Fuvu ni mfupa uliokwisha kuvuliwa jina na uso. Kilichotoka Mlambalasi kilikuwa kichwa. Kilichoombwa na Waingereza miaka 21 baadaye kilikuwa fuvu. Katikati ya maneno hayo mawili hapana mtu aliyeweza kuonyesha njia yote, hatua kwa hatua, kutoka Iringa mpaka kabati la nyumba ya makumbusho huko Ulaya. Mwili usio na kichwa ulizikwa Mlambalasi, na kaburi liko mpaka leo. (Karibu na hapo, katika pango la mawe, wataalamu wamefukua mifupa ya watu wa kale wa maelfu ya miaka, mahali pale pamezoea kutunza wafu.)

Vita Kuu ilipokwisha, H. A. Byatt, aliyekuwa msimamizi wa nchi hii kwa Waingereza, alishauri fuvu lirudishwe, ili Wahehe waone wazi ya kuwa utawala wa Wadachi umekwisha. Shauri likapokewa. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246 kiliwaamuru Wadachi kumpa Mfalme wa Hejaz Kurani ya Khalifa Othman, na kuipa Serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, yote katika muda wa miezi sita. Twastaajabu kuona mtu wa Uhehe katika karatasi moja na mipaka ya Ulaya na madeni ya dhahabu. Wadachi walijibu kwamba fuvu hilo hawanalo, na baada ya barua kwenda na kurudi Waingereza waliliacha neno hilo.

Likalala miaka 30 na zaidi, mpaka alipokuja Gavana Edward Twining. Sisi wa huku mlimani twamjua Gavana huyo kwa jambo jingine. Chini ya utawala wake, mwezi wa Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili nchi ipewe wafugaji wa Kizungu. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa kulitetea shauri la Wameru, lisifanikiwe. Kenya nayo ilikuwa katika vita vya Mau Mau. Tukiyaweka hayo pamoja, twaelewa kwa nini Gavana alipenda kuonekana mbele ya kabila kubwa na hodari akiwarudishia kitu chao. Hatusemi alikuwa mwongo. Mtu aweza kutenda jambo jema kwa sababu mbili.

Mwaka 1953 Twining alifika katika nyumba ya makumbusho ya Bremen. Akakuta mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yaliyoandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kidachi. Tusiipite hesabu hiyo haraka. Kila moja katika hayo 84 lilikuwa la mtu, nalo lilitoka katika nchi yenye wenyewe. Ili kulichagua moja, walitumia kipimo cha upana wa fuvu kwa urefu wake: upana hugawanywa kwa urefu, kisha huhesabiwa kwa mia. Jamaa za Mkwawa walikuwa wamekwisha kupimwa, na hesabu yao ilikaribia 71. Fuvu moja likaonekana lenye kipimo hicho na tundu la risasi pia. Gavana akaridhika. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, alimkabidhi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mutwa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, na fuvu likawekwa katika nyumba ya makumbusho pale pale.

Ushahidi huo ni hafifu. Kipimo cha 71 si alama ya ukoo mmoja. Watu wengi wa makabila mengi wanacho, kama vile watu wengi wana urefu mmoja wa mguu. Ukienda kwa fundi viatu na kipimo cha mguu wa baba yako, atakupa viatu vya kukutosha, walakini hawezi kukuambia ni vya baba yako. Na tundu la risasi? Miaka ile ya vita, kutoka pwani mpaka Ziwa, wangapi walipigwa risasi kichwani? Tena tundu hilo halisaidii hata kidogo katika swali la kwanza, maana Merkl amekwisha kukiri kwamba risasi yake ilipiga kichwa. Ikiwa fuvu ni la Mkwawa, tundu laweza kuwa lake au la Merkl. Wanahistoria waliozichunguza karatasi za safari ya kichwa hicho nao wametia shaka kubwa juu ya fuvu la Bremen, nasi twakubaliana nao.

Huenda msomaji akasema mambo haya ni ya Uhehe, hayatuhusu. Yatuhusu sana. Tarehe 2 Machi 1900, kule Old Moshi, Wadachi walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine 18, wa Kichaga na wa Kiarusha na wa Kimeru. Kifo chao hakina ubishi, kwa maana kilitendwa mchana mbele ya watu. Ubishi ni wa vichwa. Wachaga wamesema daima ya kuwa kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na mjukuu wake amekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya kupima vinasaba: mafuvu matatu yalipatana na jamaa walio hai katika nchi ya Kilimanjaro, na moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Hapo twaona tofauti ya kupima kwa rula na kupima kwa damu. Rula ya mwaka 1953 ilimpa kila mtu jibu alilolitaka. Damu ilisema "huyu siye" kwa watu waliongoja zaidi ya miaka 120.

Kwa habari ya Mkwawa, kipimo kama hicho chawezekana, kwa kuwa ukoo wake uko, fuvu liko Kalenga, na kaburi liko Mlambalasi. Wako waonao ya kuwa kufukua ni kumsumbua marehemu mara ya pili. Na wako waonao kwamba aliyekatwa kichwa hajapumzika bado, na ya kuwa kutambika mbele ya mifupa ya mtu mwingine ni kumkosea Mkwawa na kumkosea pia huyo asiye na jina, ambaye huenda mama yake alikuwa Mnyamwezi au Mngoni au, nani ajuaye, Mwarusha. Shauri hilo ni la wazee wa ukoo wa Munyigumba, wala si la walimu. Kutoka Kalenga mpaka Mlambalasi ni mwendo mfupi wa motakaa, na tangu mwaka 1954 fuvu na kaburi hilo vimebaki mbalimbali.