Je, Wajua? Mizinga ya maadui iliyogeuka majirani

Msomaji, siku ukivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya ukafika hadi Mombasa, usiishie ufukweni. Nje ya ngome ya Fort Jesus imesimama mizinga miwili ya vita. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Wa pili ni wa Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na hiyo hiyo Königsberg huko Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914.

Königsberg nayo iliangamia katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Wajerumani hawakukubali: waliiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaifunga magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu. Na waliokokota vyuma hivyo porini? Wapagazi wa Kiafrika, kwa mamia.