Mafuriko na Gharika: Maamuzi ya Wakulima wa Bonde la Rufiji

Maji yatokayo mtoni na kuenea juu ya nchi yana majina mawili katika Kiswahili, nayo aghalabu hudhaniwa kuwa sawa. Mafuriko ni neno lenye asili ya Kibantu, kutoka kitenzi kufurika, yaani kujaa hata kumwagika. Hata chungu huweza kufurika. Gharika ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuzama. Ndilo neno la habari za Nabii Nuhu. La kwanza lataja wingi wa maji tu; la pili lahukumu ya kuwa maji yameangamiza. Atakaye kufahamu jinsi wakulima wa Bonde la Rufiji wanavyoamua mambo yao yampasa aikumbuke tofauti hiyo.

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mafuriko, ambayo kwa kawaida hufikia upeo wake mwezi wa Aprili, hutokana zaidi na mvua zinyeshazo mbali na bonde lenyewe. Mkulima wa zamani hakuweza kuyazuia, wala kujua mapema kiasi chake. Hekima yake ilikuwa kutoliweka tumaini lake lote katika uamuzi mmoja. Mpunga ulipandwa kabla ya maji kufika. Yakichelewa mpaka umerefuka, yaliulea. Yakiwahi, miche ilizama. Maji yalipopungua, ardhi yenye unyevu na tope jipya ilipandwa mahindi, kunde na pamba. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Basi maji yaleyale yaliyoharibu mpunga yaliweza kuutengeneza mlau, na mwaka ambao mto haukufurika nao ulikuwa na hofu yake.

Makao yaliamuliwa vivyo hivyo. Mahali pengi dungu ni jukwaa la kuamia ndege shambani. Katika Rufiji neno hilo limekuwa pia jina la nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo watu hukaa karibu na mazao yao ili kuyalinda na nguruwe mwitu na nyani, na maji yajapo hupita chini yake. Kwa hiyo swali halikuwa kukaa au kuhama tu, bali nani akae, nani aondoke, na kwa muda gani.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliamua kuwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Kazi hiyo hujulikana kwa jina la Operesheni Rufiji. Sababu zake hazikuwa za kupuuzwa, maana watu walikuwa wamepata hasara, na vijiji vilivyokusanyika ni rahisi kupelekewa shule, zahanati na maji. Lakini ardhi yenye rutuba ilibaki bondeni. Wengi wakalazimika kwenda mbali kulima, na wengine wakarejea katika madungu kila msimu. Waliohamisha waliona gharika. Waliohamishwa waliona pia mafuriko. Maamuzi mengi madogo, yaliyoweza kubadilishwa kila mwaka, yakafuatwa na uamuzi mmoja usiobadilika.

Jambo hili halijaisha. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Sasa maji yashukayo bondeni hayategemei mvua peke yake, bali hutegemea pia kufunguliwa kwa milango ya bwawa. Dalili ambazo mkulima alizoea kuzitazama mtoni hazitoshi tena. Yampasa apate habari kutoka kwa wasimamizi wa milango hiyo. Habari yenyewe haina budi kumwambia maji yatafika lini, yatafunika mashamba yapi, na yatakaa siku ngapi. Akiambiwa tu ya kuwa maafa yanakuja, atajua kukimbia. Lakini kama mpunga uvunwe mapema, au mbegu ya mlau iwekwe tayari, hataweza kuamua.