Jela Ndogo Zinazojaza Magereza Marekani

Niliposikia kwamba Marekani ina wafungwa karibu milioni 2, niliwaza mara moja magereza makubwa yenye kuta ndefu, kama Kamiti yetu. Kumbe nilikuwa nimesahau mlango wenyewe.

Kule kuna magereza ya majimbo na ya serikali kuu, ya waliohukumiwa vifungo virefu. Halafu kuna jela za kaunti na miji, zipatazo 3,000. Humo hukaa wenye vifungo vifupi pamoja na wanaongoja kesi, ambao sisi huwaita mahabusu.

Ukihesabu watu siku moja, magereza makubwa yanashinda. Lakini gereza ni kama bweni, anayeingia hukaa. Jela ya kaunti ni kama steji ya matatu jioni: hawa wanashuka, wale wanapanda. Mwaka 2022 watu waliingizwa humo zaidi ya mara milioni 7, na kila siku karibu 7 kati ya 10 waliomo walikuwa hawajahukumiwa.

Mbona basi walikuwa ndani? Mara nyingi ni pesa, wenzangu. Mwenye dhamana analala kwao, asiye nayo analala seli. Siku zinapita, kazi inapotea, kodi ya nyumba inadaiwa, mwishowe mtu anakubali kosa ili atoke tu, hata kama hakulitenda. Akikamatwa tena, rekodi ile humwongezea kifungo, na safari hii huenda akapelekwa gereza kubwa.

Kisa cha Kalief Browder kilininyima usingizi. Alikamatwa Bronx, New York, mwaka 2010 akiwa na miaka 16, umri wangu huu, akidaiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000. Kwao hawakuwa nazo. Alikaa miaka 3 katika jela ya Rikers Island, karibu 2 kati ya hiyo akiwa peke yake selini. Aliambiwa akubali kosa aende nyumbani, akakataa katakata. Mwaka 2013 kesi ikafutwa bila kusikilizwa. Mwaka 2015 alijiua, akiwa na miaka 22.

Mwaka 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuacha kuwashtaki moja kwa moja vijana wa miaka 16 na 17 kama watu wazima, na mwaka 2018 walio chini ya miaka 18 wakaondolewa Rikers. Watu wazima wasio na dhamana walibaki.