Usafi wa Chumba cha Kulala

Kila mtu apenda kuonekana safi mbele ya wenzake. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi mahali panapofagiliwa vizuri kuliko pote ni uani na barazani, ambapo wageni huketi. Na mahali panaposahauliwa kuliko pote ni chumba cha kulala, kwa kuwa mgeni hakioni. Lakini mwanadamu hulala karibu theluthi moja ya maisha yake. Mtu aliyeishi miaka 60 amelala karibu miaka 20. Tena mtu aliyelala hajilindi: haoni kinachotambaa ukutani, wala hasikii kinachomwuma. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini chumba hicho chastahili usafi kuliko hata baraza, na namna ya kukisafisha.

Desturi ya kusafisha nyumba nzima mara moja kwa mwaka ni ya kale, na mataifa mengi wanayo. Katika Ulaya, majira ya baridi yakiisha, watu hufungua madirisha yaliyofungwa miezi mingi, wakatoa nje masizi na mavumbi yote. Waajemi hufanya hivyo kabla ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wao, katika mwezi wa Machi, nao kwa lugha yao huiita kazi hiyo “kutikisa nyumba.” Watu wa pwani yetu hufanya usafi mkubwa kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi. Nasi tulio bara hatuna majira ya theluji, lakini wakati ufaao twaujua: ni kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, jua likiwa kali na mvua hazijaanza.

Yatupasa kwanza kuwajua adui wanaokaa chumbani.

Wa kwanza ni papasi. Mdudu huyu hupenda mahali pakavu penye mavumbi, katika nyufa za sakafu na za kuta za udongo. Mchana hujificha, usiku hutoka, akanywa damu ya aliyelala, kisha akarudi katika ufa wake kabla hajaonekana. Huweza kukaa hata miaka bila chakula, na kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani si salama kwa kuwa ni tupu. Papasi huleta homa ambayo humshika mtu siku chache, ikamwacha hata akadhani amepona, kisha ikarudi baada ya wiki moja hivi. Watu wengi huidhania kuwa malaria. Waganga wawili, Dutton na Todd, waliichunguza homa hiyo katika nchi ya Congo, wakathibitisha ya kuwa huletwa na papasi. Wote wawili waliugua kwa kazi hiyo, na Dutton akafa huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kijerumani, Robert Koch, alichunguza papasi wa nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Aliwakuta katika udongo wa vibanda walimolala wapagazi kando ya njia za misafara, akaona pia ya kuwa vijidudu vya homa hupita katika mayai ya papasi, hata watoto wake huzaliwa nayo. Maana yake ni kwamba ufa mmoja usiozibwa huweza kulisha ugonjwa kizazi baada ya kizazi.

Homa hii ni hatari zaidi kwa mwanamke mwenye mimba, kwa kuwa huweza kuharibu mimba au kumwua mtoto mchanga. Yawezekana nyumba ambayo majirani husema ina mkosi, kwa sababu watoto hawakui humo, haina mkosi wo wote ila papasi wa sakafuni. Mgonjwa wa homa inayorudi apelekwe hospitali akapimwe damu, kwa kuwa dawa yake ipo nayo huponya.

Wa pili ni kiroboto wa panya. Panya huja kwa sababu ya chakula. Na mtu anayeweka mahindi chini ya kitanda amewakaribisha mwenyewe. Panya akifa kwa tauni, viroboto wake humwacha wakatafuta damu nyingine, na aliye karibu nao ni yule aliyelala chini. Katika wilaya ya Lushoto tauni ilitokea mwaka 1980, ikawa ikirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Basi panya waliokufa wasishikwe kwa mikono, na habari ipelekwe upesi kwa wakubwa. Wala haifai, penye tauni, kuua panya bila kuua kwanza viroboto, maana ni kuwafukuza viroboto kwa panya wakaja kwa watu.

Wa tatu ni funza. Yeye si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazil hata Angola mwaka 1872, akaenea bara pamoja na wasafiri mpaka akafika kwetu. Hukua katika mavumbi makavu ya sakafu, na miguu ya watoto yaujua uchungu wake. Kunguni hatuna haja ya kumweleza, kwani kila mtu amekwisha kujuana naye.

Wasomaji wataona ya kuwa karibu wote hawa wana makao ya namna moja: nyufa, mavumbi, na vitu vilivyorundikwa. Kwa hiyo usafi wa kweli si kufagia katikati ya chumba tu, bali ni kuwanyima adui mahali pa kujificha. Kazi yenyewe ifanyike hivi.

Kwanza, kila kitu kitolewe nje, pasibaki hata msumari wenye nguo. Magunia matupu, vikapu vilivyotoboka na nguo mbovu visirudi ndani tena. Nafaka ihamishiwe ghalani, na ghala liinuliwe juu ya ardhi.

Pili, kitanda. Maji yanayotokota yamwagwe katika viungo vya matendegu na katika kamba, ndimo kunguni watagamo. Mayai yakisalia huangua kwa muda wa siku kumi hivi. Kwa hiyo kazi hii irudiwe baada ya wiki mbili. Mtu akiifanya mara moja tu, asishangae kunguni wakirudi. Wala asitegemee dawa ya kupuliza peke yake, kwa maana kunguni wa mahali pengi wamekwisha kuizoea.

Tatu, magodoro, mito, mikeka na mablanketi yaanikwe juani kutwa nzima, yageuzwe, yapigwe fimbo. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Chandalua chenye dawa ndicho peke yake kisichoanikwa juani: kifuliwe kwa sabuni pasipo kusuguliwa sana, kikaushwe kivulini, kwani jua huiharibu dawa yake.

Nne, kuta na sakafu. Wazee wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika chumba cha kulala neno hili lina maana mara mbili. Kila ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mchanga, ukuta ulainishwe, kisha upakwe chokaa au udongo mweupe, ili mdudu akipita aonekane. Sakafu inyunyizwe maji, ijazwe palipo na mashimo, ipondwe mpaka iwe ngumu. Mwenye uwezo wa kutia saruji ataondokewa na taabu nyingi.

Tano, kitanda kirudishwe, lakini kisiguse ukuta. Pawe na nafasi ya shubiri moja au zaidi, na shuka zisiburure chini. Chandalua kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote.

Baada ya hayo, kazi ya kila siku ni ndogo. Asubuhi dirisha lifunguliwe, hewa na nuru ziingie. Shuka zikung'utwe nje. Mkeka usikunjwe ungali na unyevu wa jasho. Nguo zitundikwe au ziwekwe sandukuni, zisilale sakafuni. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiliwa, na ufagio ufike chini ya kitanda. Chakula kisiliwe chumbani, na kuku na mbuzi wawe na banda lao. Tena jiko la mkaa lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi kali. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Mtu atasema, Hii ni kazi ya wanawake. Sivyo. Kuchimba udongo, kubeba maji mengi, kukandika kuta na kuinua ghala ni kazi ya nguvu, na mwenye nyumba ndiye aliyejenga ukuta wenye ufa. Tena ikiwa nyumbani yumo mwanamke mwenye mimba, kazi isingoje kiangazi. Ifanywe mapema, wala isifanywe na yeye.

Kwa machifu na wazee wa vijiji twasema hivi: mtu mmoja akisafisha na jirani zake wasisafishe, panya na viroboto watahama nyumba hii kwenda ile, kisha watarudi. Afadhali siku moja itengwe, kijiji kizima kikatoa vitanda nje pamoja, na nyumba ya mkubwa iwe ya kwanza. Nao walimu waanze na mabweni ya shule zao, na watoto wafundishwe kutandika kitanda kama wanavyofundishwa kuandika. Kwa maana mtoto aliyezoea chumba safi shuleni hatakubali kulala katika mavumbi nyumbani.

Baraza safi huwapendeza wageni, nao huondoka jioni. Chumba safi huwalinda wenyeji, nao ndio wanaobaki humo usiku.