Kabla ya kuosha pua, chemsha maji

Upepo wa Turkana una nguvu zake. Huvuma kutoka kusini-mashariki, ukabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kama maji yaliyoingia katika mfereji mwembamba, kisha hufumuka kwa kasi juu ya jangwa. Wataalamu wawili wa hali ya hewa, Kinuthia na Asnani, waliueleza ulimwengu habari zake mwaka 1982. Hivi leo upepo huo huizungusha mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2019 upande wa Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Taifa likisifu umeme huo, sisi tukaao upande wa Lodwar na Kakuma hatuna budi kukumbusha kwamba upepo haubebi umeme peke yake. Hubeba na vumbi, na mwisho wa safari ya vumbi ni pua ya binadamu.

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha katika maeneo haya anajua ninayoyasema. Darasani, sauti za kupenga kamasi hushindana na sauti ya mwalimu. Yuko mwanafunzi anayepumua kwa mdomo tangu asubuhi hadi jioni. Yuko anayelalamika kwamba uso unamgonga chini ya macho, na kichwa kinazidi kumuuma kila anapoinamia daftari. Tumezoea kuyaita yote haya mafua, tukayapuuza. Lakini mtoto asiyepata usingizi kwa sababu pua imeziba hawezi kuyashika masomo, hata akifundishwa na mwalimu hodari kupita wote.

Chanzo si vumbi tu. Jikoni mna moshi wa kuni na makaa. Kandokando ya Turkwel na Tarach umejaa mti tunaouita mathenge, ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na kuenezwa ili uzuie jangwa na mchanga. Kinaya ni kwamba chavua ya mti huo uliotakiwa kutukinga na vumbi nayo huwasha pua za watu wenye mzio.

Tuitazame pua yenyewe. Ndani yake mna utando wenye unyevu, uliofunikwa na ute na vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Ute hunasa vumbi, navyo vijinywele huusukuma taratibu kuelekea kooni. Kuzunguka pua, ndani ya mifupa ya uso, mna jozi nne za mianya ya hewa ambayo madaktari huiita sainasi, nayo hutoa ute wake kupitia vijitundu vyembamba mno. Hewa ikiwa kavu, ute huwa mzito. Vumbi likizidi, utando huvimba na vijitundu huziba. Ute ukishakosa njia hukaa humo, na hapo ndipo maumivu huanza.

Dawa ninayoitetea leo ni kongwe na nyepesi: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Wahindi wa mazoezi ya yoga wamefanya hivyo tangu kale kwa chombo chenye mdomo mrefu, kinachofanana sana na birika lililomo katika nyumba nyingi za Wasomali hapa Kakuma. Waislamu nao, wanapotawadha, hupandisha maji puani na kuyapenga. Kwa hiyo hili si jambo geni lililoletwa juzi na wageni wenye magari marefu.

Maji ya chumvi huondoa vumbi na chavua, hulainisha ute mzito na kuvipa vijinywele nafasi ya kufanya kazi yao. Hata hivyo, tusiyatukuze kupita kiasi. Mwaka 2016 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima tafiti za tiba, lilichunguza suala hili kwa wenye uvimbe sugu wa sainasi. Lilipata tafiti mbili tu za kutegemewa, zenye watu wazima 116. Kijinyunyizo kidogo cha mililita 5 hakikuonyesha faida. Kuosha kwa maji mengi, mililita 150 kila siku, kulionekana kuleta nafuu, ingawa ushahidi ulikuwa mchache. Nafuu si kupona, lakini kwa mtoto anayekesha akihema, nafuu ni kitu kikubwa.

Fauka ya hayo, kuosha pua kunaweza kutuokoa na tabia mbaya ya kukimbilia antibiotiki. Mafua mengi na uvimbe mwingi wa sainasi wa siku chache huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Anayenunua vidonge vinne dukani, akameza viwili na kumgawia nduguye viwili, hakujitibu. Amewafunza bakteria kuistahimili dawa ambayo kesho ataihitaji kweli.

Sasa nifike penye kiini cha makala haya. Watu wengi wakishasikia kwamba maji huosha pua, huchota maji yoyote yaliyo karibu. Hapo ndipo dawa inapogeuka hatari. Tumbo lina asidi inayoua vijidudu vingi, ilhali pua haina ulinzi kama huo, na kwenye paa lake mna mishipa ya kunusia inayofika moja kwa moja kwenye ubongo. Kuna amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye hustawi katika maji baridi yasiyo ya chumvi yaliyopata joto, na huvumilia hata nyuzi 46. Mtu akimnywa hadhuriki. Akiingia puani na kupenya hadi ubongoni, karibu kila aambukizwaye hufa. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Mjini Karachi, Pakistan, madaktari wameeleza tangu mwaka 2008 vifo vya watu ambao wengi wao hawakuwa waogeleaji. Walipata amiba huyo kutokana na maji ya kawaida ya nyumbani, yakiwemo ya kutawadhia.

Ugonjwa huo ni nadra sana, na sisemi haya ili kumtisha mtu aache sunna ya dini yake. Nasema kwa sababu joto ndilo kitu tusichokikosa Turkana. Maji yaliyokaa katika mtungi wa plastiki juani, maji ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa Tarach, maji ya Turkwel, yote haya hayafai kuoshea pua kabla hayajachemshwa. Ya ziwani hayafai kabisa, maana yana magadi.

Namna ya kufanya ni hii. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa. Kwa miinuko ya chini kama Lodwar, dakika 1 ya kutokota hutosha, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri dakika 3 hadi 5, nami naona heri kushika tatu. Funika, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Tia gramu 9 za chumvi katika lita 1, yaani takriban kijiko kimoja na nusu cha chai, au nusu kijiko hafifu katika kikombe cha mililita 250. Chumvi isiyotiwa iodini ndiyo bora, maana iodini huweza kuwasha, na chumvi ya dukani nchini Kenya hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria. Anayewashwa aulizie kwenye duka la dawa maji ya chumvi yaliyotayarishwa. Usitie magadi ya kupikia mboga, kwani ni makali mno kwa utando wa pua. Tena onja maji kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa visima kadhaa vya Turkana vina chumvi tayari. Maji yaliyo sawa huwa na ladha ya machozi.

Inama juu ya beseni, lalia upande mmoja, pumua kwa mdomo, kisha mimina polepole katika tundu la juu ili maji yatokee tundu la chini. Ukivuta pumzi kwa pua utapaliwa. Penga taratibu, bila kuyafinya matundu yote mawili. Chombo kiwe cha mtu mmoja, kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kuanikwa kikauke. Mtoto asimamiwe na mtu mzima. Mwenye homa kali, uvimbe kuzunguka jicho, maumivu makali ya uso au damu isiyokoma asipoteze wakati kwa birika. Aende hospitali.

Nasikia swali tangu sasa: je, unawahubiria kuosha pua watu wasio na maji ya kunywa? Swali hili ni la haki. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na ikijumlishwa na makazi ya Kalobeyei hukaliwa na watu wanaokaribia 300,000. Kina mama wa Kiturkana nao hutembea mwendo mrefu wakitafuta maji. Lakini tupige hesabu. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kuosha pua mara mbili huchukua nusu lita, yaani sehemu moja ya thelathini. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akiosha mara moja, hutumia lita 12.5, zisizojaza mtungi mmoja wa lita 20. Pakiti moja ya chumvi ya kilo 1 hutosha lita 111.

Kwa hiyo kinachotushinda zaidi ni kuni za kuyachemshia. Kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji kwa miaka mingi, na kumwambia mama awashe moto mwingine kwa ajili ya pua ni kumwongezea mzigo. Basi asiuwashe. Moto wa uji wa asubuhi au chai ya jioni ukiwa bado una makaa, sufuria ndogo ya maji iwekwe juu yake, itokote, ifunikwe, na maji yatumiwe siku iyo hiyo.

Walimu wenzangu, somo hili lote limo katika mtaala wetu. Kwa nini maji yasiyo na chumvi huchoma pua? Kwa sababu ya osmosisi: maji huingia katika seli zenye chumvi zaidi yake na kuzivimbisha. Kwa nini gramu 9? Hapo mna hesabu ya uwiano. Kwa nini kuchemsha? Hapo mna habari za vijidudu. Mwanafunzi akiyaelewa mambo haya matatu atayafikisha nyumbani, na nyumbani ndiko sufuria iliko.

Wasimamizi wa elimu na wa maji, wa kaunti na wa kambi, nao wana wajibu wao. Shule zenye jiko la uji zipewe sufuria ya ziada yenye kifuniko na chakula cha moto kisichokuwa cha ugomvi, nikimaanisha kuni za kutosha au majiko yanayookoa kuni. Sisi hatuwezi kuuzuia upepo. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba maji tunayoyapeleka puani kuliondoa vumbi lake yametokota kwanza.