Weusi wa Piko na Mikono ya Mafundi Wetu



Mwezi wa Mfunguo Mosi uandamapo, harusi hufuatana na wapaka hina wetu hawalali. Mwaka huu watu wa nyumbani kwetu walirudi harusini na habari ya mama mmoja, fundi wa nakshi tangu ujana wake, aliyekula biriani kwa kijiko huku wenziwe wakila kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na achari ilikuwa ikimchoma. Tuliuliza, tukasoma, na tuliyoyapata twaona ni amana kuyafikisha.

Jani la hina hutoa wekundu wa kahawia, halitoi weusi. Weusi ule watokana na piko, yaani rangi ya nywele ya viwandani, ambayo ndani yake mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Ulaya sheria yairuhusu nyweleni tu, kwa kiasi kisichozidi asilimia 2. Kwetu hupakwa ngozini ikaachwa ikauke.

Mwenyezi Mungu ameweka mwilini askari wa kinga, wenye kumtambua adui na kumkumbuka. PPD ikipenya ngozini hushikamana na protini za mwili wenyewe, nao askari wakadhani wameona mgeni. Mara ya kwanza huenda pasitokee lolote, lakini kumbukumbu imekwisha kuandikwa. Ikipakwa tena, ndani ya siku moja hadi tatu hutoka malengelenge yenye kufuata mistari ya ua lile lile. Ndipo watu husema bibi harusi kapigwa jicho. Hatukanushi husuda, ila jicho halichori maua.

Bibi harusi hupakwa mara chache. Fundi huishika kila wiki, na unga wake huuvuta puani. Hali hii ikishaingia, kwa kawaida haitoki tena maishani. Wala haikomei kwenye piko: mwili waweza kukataa hata baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi. Mwenye kuwahi kutoka malengelenge hayo, akienda kung'oa jino, na amwambie tabibu mapema.

Suala la kutia nywele weusi wanazuoni wamelijadili, na silo makusudio yetu leo. Kaida ya fiqhi kwamba madhara huondolewa yatutosha. Mwenye saluni aliyeajiri mabinti ajue kuwa sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, yamwajibisha kuwapa vifaa vya kujikinga. Awape glavu za nitrili, zisizogeuzwa ndani nje zikavaliwa tena, na madirisha yafunguliwe unga ukikorogwa.

Fundi yule sasa hupaka hina ya jani pekee. Maharusi wawili wamekwisha kumwacha, kwa kuwa mama zao wataka weusi. Wa tatu, binti wa jirani yetu, alikubali wekundu.